Kwa nini baadhi ya wahusika wa mieleka hukataliwa na mashabiki?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikitazama upya mieleka ya kulipwa ya Marekani ya miaka ya 1990. Naona mwanamieleka anazomewa akiwa na jina fulani, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili anarudi kwa jina jingine na ukumbi mzima unasimama kumshangilia. Je, mashabiki humkataa mtu mwenyewe, au uhusika aliovishwa na waandaaji?

Jibu la kwanza
Ni uhusika, ndugu yangu, na ushahidi ni Glenn Jacobs. Mwaka 1995 kampuni ya mieleka ya WWF ilimleta kama Isaac Yankem, daktari wa meno ambaye meno yake mwenyewe yalikuwa yameoza; mwaka uliofuata ikampa jina la Diesel, ilhali kila shabiki alijua kuwa Diesel ni Kevin Nash, ambaye alikwisha kuhamia WCW, kampuni pinzani. Yote mawili hayakushika. Oktoba 1997 mtu huyohuyo alitokea kwa jina la Kane, amevaa kinyago na mavazi mekundu, akaung'oa mlango wa kizimba cha chuma alimokuwa akipigana mwanamieleka Undertaker, aliyeelezwa kuwa ni kaka yake. Mwili ulikuwa uleule, ila sasa alikuwa na kisasi. Daktari wa meno ana ugomvi gani na mtu ulingoni?

Jibu la pili
Nakubaliana nawe, ingawa wengine huponzwa na bahati mbaya tu. Agosti 1993, katika matangazo ya moja kwa moja ya WCW, mwanamieleka Sting alimtambulisha mhusika mpya, Shockmaster, kwa mbwembwe nyingi. Fred Ottman, aliyemwigiza, akapasua ukuta, akajikwaa kwenye ubao uliobaki chini, akaanguka kifudifudi, na helmeti yake ya kumetameta ikamtoka kichwani. Aliiokota haraka akaivaa tena, huku sauti nzito ya vitisho, ambayo kwa kweli ilikuwa ya Ole Anderson aliyefichwa nyuma ya pazia, ikiendelea kunguruma. Baada ya hapo ni nani angemwogopa?

Jibu la tatu
Wakuu, hoja ya kisasi haimwelezi Rocky Maivia. Dwayne Johnson alipoanza WWF mwaka 1996 hakuvishwa kichekesho chochote: jina lake lilitokana na majina ya baba yake, Rocky Johnson, na babu yake, Peter Maivia, na Februari 1997 alikwisha kutwaa mkanda wa ubingwa wa Intercontinental. Hata hivyo kumbi zilimzomea vikali, kwa sababu kijana huyo wa tabasamu la kila wakati aliletwa kama mtu ambaye shabiki analazimika kumpenda. Alipojiunga na kundi la wanamieleka la Nation of Domination mwezi Agosti mwaka huo, akaacha kutabasamu na kuwaambia mashabiki wazi kwamba amechoshwa nao, ndipo The Rock alipozaliwa, na waliomzomea wakaanza kumsikiliza.

Muuliza swali
Nashukuru. Basi Yankem alikosa sababu ya kupigana, na Maivia alinyimwa nafasi ya kuchukiwa.