Ushauri: kula nje na mtoto mwenye aleji ya karanga pamoja na mama mkwe mwenye presha

Wakuu, habari za muda huu.

Jumapili ijayo tunataka kutoka familia nzima kwenda kula kwenye mgahawa mmoja wa kawaida tu, ule ambao mtoto akilia hakuna anayegeuka kukutazama. Wanapika vyakula vya nyumbani vya watu wa kila pembe ya dunia, na vinaletwa kwenye mabakuli makubwa, mnapakua wenyewe. Vingi sivijui hata kwa majina.

Mama mkwe ana presha na ameambiwa apunguze chumvi. Mwanangu mkubwa ana miaka 6 na ana aleji kali ya karanga. Mdogo wake ana mwaka na nusu. Mume wangu anasema tupike tu nyumbani, ila mimi natamani sana mama apumzike na jiko japo siku moja, na watoto waonje vyakula vya wenzetu. Niagizeje, wote wale kwa amani?

Mpishi wa Zamu
Dada, kuuliza "kuna karanga?" hakutoshi, maana mhudumu atafikiria karanga zinazoonekana kwa macho. Uliza hivi: "Huu mchuzi umefanywa mzito kwa kitu gani?" Karanga zilizosagwa zimo kwenye michuzi mingi ya nyama ya Afrika Magharibi, kwenye sosi ya mishikaki ya Indonesia, hata kwenye baadhi ya michuzi ya Mexico, na huzioni kabisa. Kisha uliza mafuta ya kukaangia. Kama kila kitu kinakaangwa kwenye karai moja, viazi vya mtoto navyo si salama.

Piga simu mapema, ule muda wa alasiri ambao watu wa mchana wameshaondoka na wa jioni hawajafika, uombe kuongea na mpishi mwenyewe. Akikujibu "nadhani hamna", hesabu kwamba zimo.

Bint Pwani
Mimi yananitisha hayo mabakuli ya pamoja. Upawa ukitoka bakuli hili ukaingia lile, maswali yote uliyouliza yamekwenda bure. Mtoto apakuliwe wa kwanza, mtu mwingine yeyote hajagusa kitu, na sahani yake isiongezwe tena kutoka mezani.

Baba Watatu
Niko na shemeji kwenye hili. Kama menyu imejaa karanga na aleji ni kali, tafuteni mgahawa mwingine, hakuna aibu. Mkienda, sindano ya adrenalini, ile ya dharura aleji ikimshika, kama daktari alimwandikia iwe mezani, isiachwe kwenye gari.

Nesi Mstaafu
Nizungumzie presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, na hapo imehesabiwa hata ile iliyomo ndani ya vyakula. Sosi ya soya, samaki wa chumvi, achari na vile vidonge vya kuongeza ladha ndiko inakojificha. Kuna mboga za majani zinapikwa kwa sosi ya samaki, chumvi tupu. Omba sosi ziletwe pembeni, na nyama au samaki wa kuchoma wasitiwe chumvi jikoni.

Ila mwanangu, usimchagulie mama mkwe mbele ya wajukuu. Mtu mzima akikatazwa hiki na kile mezani, chakula hakishuki. Malizana na mpishi kwenye simu, halafu umwachie achague mwenyewe kati ya vile ulivyokwisha ulizia.

Huyo mdogo asipewe zabibu nzima wala jamii yoyote ya njugu, zinakaba koo. Supu ya moto ikae mbali na mkono wake, na kama kuna kitambaa cha meza, kitolewe upande wake, maana atakivuta.

Mwenye uzi
Asanteni sana. @Baba Watatu, sindano tunayo na mume wangu anajua kuitumia. Swali jingine: nikimbebea mkubwa chakula chake kutoka nyumbani, si nitakuwa nimewakosea wenye mgahawa?

Mpishi wa Zamu
Waambie wakati unaweka nafasi, ukitaja aleji wengi wanaelewa. Kiwe kwenye chupa ya kutunza joto, kisikae vuguvugu kwa muda unaozidi saa mbili. Lakini naye aonje kitu cha hapo, asijione wa pembeni: wali mweupe kutoka sufuria yake peke yake, au tunda zima mnalomenya wenyewe pale mezani.

Bint Pwani
Na uwahi kufika. Mkifika watu wamejaa, hakuna wa kukusikiliza.

Mwenye uzi
Sawa wapendwa. Napiga simu kesho saa tisa alasiri. Mpishi akisitasita kwenye swali la mafuta, tunatafuta kwingine kama alivyosema Baba Watatu. Nitaleta mrejesho.