Tupeane uzoefu: kamera ya laptopu ikigoma, yako ilikuwa nini?

Mwalimu wa Casuarina
Hamjambo wana Pwani. Naomba tuviweke visa vyetu pamoja maana kila ninayemuuliza ananipa dawa yake, mmoja driva (programu ndogo inayoifanya Windows iitumie kamera), mwengine kamera imekufa nunua ya nje, mwengine ashataka kupiga Windows upya. Naanza na yangu. Mimi nasomesha Kiswahili kwa vidio, wanafunzi wengi ni Wataliano waliozoea Malindi, na bila sura darasa haliendi, mtu anataka aone mdomo unafanya vipi ukisema ng'ombe. Basi siku hio Zoom giza. Cha ajabu nikifungua apu ya kamera ya Windows yenyewe najiona vizuri tu. Hapo ndipo pa kushika, ukijiona kwengine kamera ni nzima, kilichobaki ni ruhusa. Ingia Settings, Privacy, Camera, na usiishie kwenye ile orodha ya apu zenye swichi moja moja, teremka mpaka chini kuna swichi ya peke yake ya desktop apps, hio ndio inazibeba zile ulizodaunlodi mwenyewe mitandaoni. Yangu ilikuwa imezimwa. Nikawasha, nikafunga Zoom nikafungua tena, sura hio. Anayetumia Google Meet aangalie pia ile alama kando ya anwani juu kwenye brauza, brauza nayo ina ruhusa yake mbali na ya Windows.
Haya leteni zenu.

Kijana wa Mkomani
Ya shemeji yangu ilikuwa kifuniko 😂 ana intavyu ya kazi, dakika za mwisho anapiga simu analia picha nyeusi tii, kumbe watoto walikuwa na laptopu usiku. Kuna kijidude juu ya lensi unakisogeza kwa ukucha, kama hujui kipo hukioni. Zingine ni kitufe cha kibodi chenye mchoro wa kamera iliyopigwa mstari, na zingine swichi iko ubavuni, hio ukiizima mashine haioni kamera kabisa utadhani haijawahi kuwa nayo. Kazi aliipata lakini.

Fundi Langoni
Sa mie niseme ya ndani. Kamera ya laptopu, nyingi zake, kwa mashine ni kifaa cha USB tu, ila badala ya kuchomekwa nje ina waya mwembamba kama uzi unaopita ndani ya bawaba pale kifuniko cha laptopu, chenye skrini, kinapokunjikia. Kila ukifungua na kufunga unakunjwa, unakunjwa, mpaka siku unachoka. Ndio maana utaona kamera inafanya ukiweka kifuniko hivi, ukikisukuma nyuma kidogo inakata, na Windows inatoa ile sauti ya mtu kachomoa flashi ilhali hakuna aliyechomoa kitu. Ukiisikia sauti hio ukigusa kifuniko usihangaike na driva, ni waya. Dalili nyengine ni maiki, laptopu nyingi maiki iko kipande kimoja na kamera, vikizima vyote viwili siku moja nenda kwenye waya ama soketi yake.

Na sisi wa kisiwani Lamu tuna la ziada, chumvi. Laptopu inakaa dirishani inapigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, ama inavuka na boti kutoka Mokowe ndani ya mkoba wa kitambaa, halafu mtu anashangaa miguu ya soketi ina kutu ya kijani. Nikifungua natoa waya wa betri kwanza, nasafisha kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, naacha ikauke sawasawa, narudisha. Kuna zinazoamka hapo hapo bila kununua kitu. Msipake marashi tafadhali. Nimeletewa iliyopakwa marashi, duka zima lilinukia harusi.

Neno moya kwa mwenye kupeleka mashine kwa fundi yeyote: kabla parafujo hazijaguswa mwambie akuonyeshe Device Manager, ile orodha ya vifaa vya mashine, bonyeza kulia alama ya Windows utaiona. Kamera ikiwa imeandikwa pale kwenye Cameras, ama Imaging devices kwa zile za zamani, na haipotei ukichezesha kifuniko, basi waya unafika na hakuna haja ya kufungua. Haipo kabisa? Bonyeza Scan for hardware changes, kagua swichi aliyosema kijana, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uone haikuzimwa kule maana laptopu za maofisini wengine huizima makusudi. Baada ya hapo ndio ufungue.

Dada wa Saiba
Fundi umeniokoa maelezo, na niongeze kuwa apu ya kamera ikikupa namba ya hitilafu 0xA00F4244 maana yake ni hio hio, haijapata kamera. Sisi hapa saiba (duka la intaneti) Malindi tunayokutana nayo sana ni kamera kushikwa. Mteja wa kwanza kaacha ukurasa wa Meet wazi kwenye brauza, wa pili anafungua Zoom anaambiwa haiwezi kuanza, na taa ndogo kando ya lensi inawaka! Taa ikiwaka na wewe hujioni, kuna programu nyengine imeishika, funga brauza yote, funga kila kitu, ikikataa zima uwashe. Pia antivairasi zingine zina ulinzi wa kamera, zinazuia kimya kimya bila kukwambia.
Ya driva ni hivi. Pembetatu ya njano kwenye jina la kamera, bonyeza kulia, Uninstall device, halafu ile Scan aliyosema fundi. Ikirudi na pembetatu yake, nenda Update driver, chagua mwenyewe kutoka orodha iliyomo, uweke USB Video Device. Hio ni driva ya jumla ya Windows na kamera nyingi zinaikubali. Mshale mdogo wa kuangalia chini ni mwengine, huo ni kwamba imezimwa tu, bonyeza Enable imeisha.

Mzee wa Shela
Nyote mwazunguka. Piga Windows upya, asubuhi imepona.

Fundi Langoni
Heshima yako mzee wangu, lakini ikiwa ni waya utapiga Windows na picha za wajukuu zipotee na kamera ibaki vile vile. Mwenye shaka atie Ubuntu, mfumo mwengine badala ya Windows, kwenye flashi awashe nayo bila kuinstoli, afungue terminali (dirisha la kuandika amri) aandike lsusb, inatoa orodha ya vifaa vya USB. Kamera ikitokea kwenye orodha, chuma ni kizima, lawama ni za Windows.

Mzee wa Shela
Picha za wajukuu ziko kwa simu. Haya, nimekusikia.

Bint Watamu
Mimi MacBook naifunika na kile kifuniko cha plastiki cha kubandika, kina shida?

Dada wa Saiba
Kitoe kabla hujaifunga dada. Apple wenyewe walionya 2020, nafasi kati ya skrini na kibodi ni ndogo mno, ukifunga na kitu kigumu hapo skrini inaweza kupasuka. Na taa ya kijani inakwambia kamera ikiwa inatumika, hio inatosha.

Mtu wa Maweni
Na anayesubiri waya uje na gari kutoka Mombasa asikose mikutano yake. Windows 11 inakubali simu ya Android iwe kamera, unaunganisha kwa apu ya Link to Windows halafu Zoom inaiona kama kamera ya kawaida. Windows 10 tumia apu ya DroidCam. iPhone na Mac ndio rahisi zaidi kuanzia mfumo wa Mac uitwao macOS Ventura, simu iwe XR kwenda juu. Mie sijarudi tena kwenye ya laptopu hata baada ya kutengenezwa, ya simu ni safi kuliko, ila tia simu kwenye chaji maana inapata joto na inakula betri.