Watoto waone kilimo cha zamani cha Pwani: niwapeleke wapi?

Mama wa Kisauni
Hamjambo wenzangu. Nina wawili, mmoja gredi ya nne, mwingine ya sita. Kilimo wanakisoma darasani, lakini sisi tunakaa ghorofani, hata mche wa pilipili hatuna. Fort Jesus wameshaizoea, na kule habari kubwa ni vita na mizinga. Nataka waone kinu, jembe, mbegu, waambiwe babu zao walipanda nini na kula nini. Kuna makumbusho ya wenyeji karibu na Mombasa, penye shamba pia?

Mjukuu wa Mgema
Dada, shukeni Mazeras mchukue boda hadi Rabai. Makumbusho ya pale yana jina la Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, kwa hiyo mengi ni ya umishonari. Yatazameni, lakini msiishie hapo. Ulizeni mzee wa kuwatembeza mashambani, maana historia yenyewe bado imesimama juu ya ardhi.

Muombe awaonyeshe mnazi unaogemwa. Shina limekatwa vidato vya kukanyagia, na kule juu karara, ala inayofunika maua ya mnazi, limefungwa kamba, ncha yake inachongwa kila mgema anapopanda ili tembo, yaani pombe ya mnazi, lisikauke kutona. Karara linalogemwa halizai nazi, ndiyo maana mwenye shamba huamua mapema mti upi wa tembo na upi wa nazi. Hata kama nyumbani kwenu tembo haliingii, watoto waelewe kwamba mnazi mmoja ulikuwa mali. Mtu aliweza kuuweka rehani au kuuuza bila kuuza ardhi, mbele ya mashahidi. Marehemu babu yangu alijua minazi yake mmoja mmoja, na nani aliupanda.

Mkibahatika kukaribishwa jikoni kwa mtu, waambie wainue macho. Mahindi ya mbegu yamelala kwenye uchaga juu ya mafiga, yamekuwa meusi kwa masizi. Moshi ndio dawa ya dumuzi. Mwanao wa gredi ya sita hapo atauliza maswali mpaka mchelewe gari.

Mwalimu, Changamwe
Naunga mkono, ila nina ombi kwa mzazi mwenzangu. Watoto wetu wengi wanaamini sima ya mahindi ndiyo chakula cha tangu na tangu. Mahindi na mhogo asili yake ni bara la Amerika, vililetwa huku baada ya Wareno kufika. Kabla ya hapo ni mtama, mawele na wimbi. Mkiona mtama shambani, simameni hapo kwanza.

Na wasifichwe la pili. Karne ya 19 mashamba makubwa ya nafaka na minazi, Malindi hadi huku kwetu, yalilimwa na watumwa. Watoro wengi walikimbilia Rabai. Wewe wa Kisauni unapita Kengeleni kila siku: hapo ndipo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya waliokombolewa, na kengele ililia kuwaonya wakazi kila wateka watumwa walipokuja. Utumwa ulipigwa marufuku huku Pwani 1907 tu. Mtoto wa gredi ya nne anaweza kuambiwa haya kwa upole. Akiambiwa kilimo bila walioshika jembe, amedanganywa.

Mama wa Kisauni
Asanteni sana. Mwalimu, nimekusikia, tutaanzia hapo Kengeleni kabla ya kuvuka. Kaka, ni msimu gani mzuri? Na huyo mzee hulipwa?

Mjukuu wa Mgema
Nendeni Julai. Mbegu huingia ardhini masika yanapoanza, kwa hiyo Julai mahindi yamesimama na kunde zinachumwa. Bei ya mzee mwelewane kabla hamjaanza kutembea, na msimpige picha mtu juu ya mti bila ruhusa yake. Kayani, kwenye misitu mitakatifu ya Wamijikenda, msiingie bila wazee wa kaya, hata mkiona njia iko wazi. Ondokeni mapema, mgema hupanda asubuhi na jioni. Mkifika saa sita mtakuta vidato tu.