Mama anasema "mtakavyoamua wanangu". Nitajuaje anachokitaka mwenyewe?

Mtoto wa Pangani:
Habari zenu wakuu. Huwa nasoma tu humu, leo limenifika na sina pa kulipeleka.

Mama yangu ana miaka 76, anaishi Pangani. Ana kisukari cha miaka mingi, presha, na sasa moyo nao umeanza kuchoka. Mwezi uliopita tumeambiwa figo zimebakiwa na nguvu chini ya asilimia 10 na hazitarudi. Njia ni mbili. Aanze kusafisha damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, au aendelee na dawa za kupunguza maji, kuongeza damu na kutuliza muwasho na kichefuchefu, bila mashine. Kwenye mashine amepangiwa huku Dar, kwa hiyo itabidi ahamie kwa kaka Temeke.

Kaka anasema mashine, hata ikibidi tuuze kiwanja. Dada anayekaa naye anasema mwacheni mama apumzike. Wiki ya pili hii hawasemeshani. Mama tumemuuliza mara tatu, sebuleni, tumemzunguka wote. Jibu ni lile lile: "Mtakavyoamua wanangu." Kisha anarudi kwenye ukili wake.

Kinachoniuma mpaka leo ni ile siku ya hospitali. Daktari alimweleza kaka kila kitu. Mama alikuwa kwenye benchi la ukutani, kipochi mapajani, hakuulizwa lolote.

Naombeni ushauri.

Reli ya Kati:
Pole sana mkuu. Ila mimi ningeenda na kaka yako. Bi mkubwa wa miaka 76 utamwambia nini kuhusu figo aelewe? Uhai kwanza, mengine baadaye.

Nesi Mama Watatu:
Reli ya Kati, nakupinga kwa heshima. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 22, mingi kati ya hiyo kwa wagonjwa wa figo. Mambo ya figo anayajua daktari. Maisha ya mama anayajua mama.

Mtoto wa Pangani, "mtakavyoamua" hiyo ni adabu, bado hajakujibu. Anaona wanawe wamenuniana. Akisema mashine, kamuumiza binti. Akisema hapana, kamuumiza mwana. Mngemuuliza hata mara kumi pale sebuleni, angejibu vile vile.

Tena mnamuuliza juu ya kitu ambacho hajawahi kukiona. Muulize mambo anayoyajua. Siku ikimwendea vizuri huwa imekuwaje? Usiku akiwa macho anawaza nini? Kitu gani yuko radhi kukivumilia, na kipi hakitaki hata kidogo? Muulize mkiwa wawili tu, mikono yake ikiwa na kazi. Wazee wetu husema ya moyoni wakiwa wanachambua mchele.

Akishaanza kuzungumza, mpe punje kumi za kunde au mahindi. Weka visahani, kila kimoja na jambo lake: kuishi muda mrefu zaidi, kulala nyumbani kwake, kutopata shida ya pumzi, kutowagharimu watoto, na lolote atakaloongeza. Agawe punje kwa uzito anaoupa kila jambo. Huko Ottawa, Canada, wana fomu inayokaribiana na hiyo, mtu hujaza nyota kuonyesha kila jambo lina uzito gani kwake. Kunde zinatosha. Ila wewe usiguse punje hata moja, na akinyamaza usimjazie maneno.

Na aambiwe ukweli wote. Mashine huweza kumtoa maji mapafuni akapumua vizuri, wengi wanaipata nafuu hiyo. Lakini kwa mtu wa umri wake mwenye moyo dhaifu, muda inaouongeza huweza kuwa mdogo, na sehemu yake huishia njiani na kitandani, maana wengi wakitoka pale huwa wamechoka kwa saa kadhaa, wengine mpaka kesho yake. Inaruhusiwa kuijaribu kwa muda mliokubaliana na daktari kisha kuangalia. Ila figo zikiwa zimezima kabisa, mtu akiiacha mara nyingi huwa amebakiwa na wiki moja au mbili. Bila mashine nako hatupwi, kuna tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu na shida za ugonjwa. Tafuteni mtu wa kumhudumia hadi mwisho, si wa kumwandikia panado tu.

Binti Mzaramo:
Baba yangu alianza mashine akiwa na miaka 71. Alisema wazi anataka kumuoza kitinda mimba wake. Alikatazwa madafu na ndizi, maji akapimiwa kwa kikombe. Kiu ikimzidi alimung'unya kipande cha barafu akitazama saa ya ukutani. Miaka miwili. Kitinda mimba akaolewa, baba akashika mkono wa mkwe. Sijamsikia akilalamika, kwa sababu lilikuwa lake. Mama yako naye huenda ana lake, kaka. Usidhani mzee lazima atakataa.

Mtoto wa Pangani:
Nimerudi, siku tisa baadaye. Nilikwenda Pangani peke yangu. Dada nikamtuma sokoni. Mama alikuwa barazani anamenya kunde, kwa hiyo punje hazikutafutwa.

Nilianza na siku nzuri. Akasema ni ile watoto wa chuo wanapokuja jioni, mmoja akakosea herufi, yeye akamsahihisha bila kutazama msahafu. Sikuwahi kujua kama hilo ndilo kubwa kwake. Akaliongezea kisahani. Punje nne zikaenda hapo. Tatu kwenye pumzi, akaniambia usiku hulala ameketi na dada hajui. Mbili kulala nyumbani kwake. Ya mwisho aliishika muda mrefu, akaiweka kwenye gharama, akasema, "Kile kiwanja ni cha nazi zangu na baba yenu. Mwambie kaka yako asikiuze juu yangu." Kwenye kuishi muda mrefu hakuweka kitu.

Nikadhani nimepata jibu. Kumbe bado, maana hapo hapo akaniuliza, "Hiyo mashine, mtu akianza anaweza kuacha?" Hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamweleza yote kama nesi alivyoandika, na zile wiki mbili. Akanyamaza, akaendelea kumenya. Kisha: "Na hii pumzi, dawa peke yake haiwezi kuituliza?" Nikamwambia hilo sijui, tutauliza.

Nimempigia kaka. Alipigana sana na lile la kiwanja, mwishowe akalia. Hakuwa na habari ya kulala ameketi. Tuna miadi Jumatatu, tunakwenda watoto wote watatu. Maswali nimeyaandika kama alivyoyatamka, atauliza mwenyewe.

Nesi Mama Watatu:
La kulala ameketi msilisubirishe. Piga leo hospitali useme, huenda wakabadilisha dawa ya maji kabla ya Jumatatu. Ikizidi au akibanwa mchana, mpelekeni siku hiyo hiyo. Chukueni dawa zake zote, na za kienyeji kama zipo. Omba hesabu ya punje iandikwe kwenye faili lake, zamu ikibadilika daktari mwingine aione. Na kiti cha mbele ya meza akae yeye.

Mtoto wa Pangani:
Napiga sasa hivi.