Unga wa "seli shina" laki tatu kwa jaja wa miaka 74, ni kweli ama tunaliwa sente?

mtoto_wa_bombo
Salaam aleikum ndugu zangu. Jaja, yaani babu yangu, yuko na miaka 74, zamani tumbo likimsumbua siku mbili tatu anaamka anaenda shamba, lakini tangu mwaka jana likimshika ni wiki mbili bado yuko kwa uji tu na amekonda. Sasa kuna mama mmoja anauza unga kwa WhatsApp, kopo laki tatu, anasema utumbo wa mzee umeishiwa seli shina na huo unga unazirudisha. Nilidhani ni uongo mtupu, nikasoma kidogo nakuta hizo seli kweli ziko na kweli zinazeeka. Mwenye kujua anieleze polepole mi nilisoma biashara. Jaja mwenyewe hataki dawa, anasema kufunga ndio humtengeneza tumbo, anangoja Ramadhani tu.

boda_wandegeya
Laki tatu si unapata mbuzi mzima na sente ya chumvi inabaki 😂

maabara_arua
Waaleikum salaam. Huyo mama ameokota ukweli kidogo akaupaka uongo. Ukuta wa ndani wa utumbo unabadilika karibu wote kila siku 3 mpaka 5, na wanaoujenga ni seli shina zinakaa chini kabisa kwenye vishimo vidogo sana huwezi kuviona kwa macho. Timu ya Hans Clevers kule Uholanzi ndio walizitambua 2007 kwa alama inaitwa Lgr5, na 2009 wakachukua seli moja tu wakaikuza kwa maabara ikatoa kautumbo kadogo kazima, mi bado hiyo inanishangaza.

Sasa uzee. Ati "zimeisha", hapana. Kwa panya wazee bado ziko ila zimelegea, na kosa kubwa ni la jirani. Pembeni ya seli shina kuna seli za Paneth, kazi yao ni kuipa ishara inaitwa Wnt, hiyo ndiyo inaiambia endelea kuzaa. Watafiti wa Helsinki wakaonyesha 2019 kwamba Paneth wakizeeka wanaanza kutoa kitu inaitwa Notum, inazima ile Wnt, ni kama fundi yuko na nguvu zake lakini mwenye stoo anamfungia simenti. Walipoizuia Notum kwa panya wazee, utumbo ukapona vizuri zaidi. Kwa hiyo hata kama kopo lingekuwa na seli shina za ukweli, tumbo litazisaga kama nyama ya mchuzi, na zile za jaja zitabaki na jirani yule yule.

kalo_na_dodo
Lakini jaja naye hajakosea kabisa. Kuna utafiti wa MIT, kile chuo kikuu cha Marekani, wa 2018, panya walikaa masaa 24 bila chakula, seli shina zao zikaanza kuchoma mafuta badala ya sukari na zikawa na nguvu ya kuzaa hata kwa panya wazee. Na tukiongea matumbo tusisahau Burkitt, yule daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika juu ya uvimbe wa taya za watoto 1958. Baadaye ndiye alienda akipigia kelele makapi ya chakula, kwa sababu aliona watu wa vijijini Afrika wanaokula vyakula visivyokobolewa hawapati sana saratani ya utumbo mkubwa kama Wazungu. Hayo makapi bakteria wanayageuza butireti ambayo ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo mkubwa. Kalo ya ulezi, maharagwe, mboga ya dodo. Sisi tumekimbilia chapati na soda afu tunanunua unga wa WhatsApp.

maabara_arua
@kalo_na_dodo hapo kwa kufunga ngoja kwanza. Watu wale wale wa MIT walirudi 2024 wakaona seli shina zinazaana sana pale panya *anapoanza kula tena*, na jeni ya saratani ikiamshwa wakati huo uvimbe unatokea zaidi kuliko kama panya hakufunga. Tena panya kukaa siku nzima bila kula ni mateso, siyo sawa na sisi kungoja magharibi. Mzee wa 74 anayekonda hafungi, hata dini imemruhusu. Dawa nyingine zinazotajwa kwa mambo ya uzee kama rapamisini zinashusha kinga, wanapewa watu waliowekewa figo, usizijaribu.

@mtoto_wa_bombo achana na seli kidogo. Je anameza dawa za magoti? Amewahi kuona damu kwa choo, ama choo cheusi? Amepimwa damu? Kukonda hivyo kwa umri huo kunataka hospitali, usiseme ni uzee tu.

mtoto_wa_bombo
Aisee. Nimemuuliza sasa hivi, kumbe diklofenaki anameza kila siku asubuhi na jioni tangu mwaka jana ule mwezi magoti yalianza, ananunua kwa duka la dawa hapo barabarani, karatasi ziko chini ya godoro na hakuna aliyemwambia ale kwanza.

maabara_arua
Hiyo inachubua tumbo mpaka utumbo mdogo, na wazee ndio inawaumiza zaidi. Asimamishe, nenda naye hospitali wiki hii, beba hizo karatasi waone, waambie wapime damu na choo. Ya magoti watampa kitu kingine.

mtoto_wa_bombo
Tunaenda alhamisi inshallah. Shida ni elfu hamsini ya advansi nilishampa yule mama, anasema hairudi ila naweza kuchukua nusu kopo. Na ilikuwa sente ya jaja.