Yule mchambuzi wa asubuhi leo kanivuruga, na watoto wangu walikuwa wanasikiliza!!!

Mama Samasoti:

Wakuu habari za saa hizi, yangu mimi ni mbaya na naomba asije mtu kuniambia nitulie, sitatulia.

Yule bwana mnamjua. Sina haja ya kumtaja, ni yule yule wa kila asubuhi, anayechambua mpira, ngumi, siasa za Ulaya, bei ya vitunguu, na mke wa mtu akikatiza dirishani anachambuliwa naye. Leo kaamua kuchambua jimnastiki. Jimnastiki jamani! Mtu ambaye akiinama kufunga kamba za viatu inabidi waitwe zimamoto waje kumnyanyua!

Walikuwa wanaongelea ile medali ya shaba ya Jordan Chiles, binti wa jimnastiki wa Marekani, ya Olimpiki ya Paris 2024, na alikuwa anadanganya nchi nzima, eti Mmarekani alihonga majaji akaumbuliwa. Sasa mimi nafundisha watoto jimnastiki hapa mtaani kwetu, tuna magodoro yenye viraka na uwanja wa shule tunaoazima jioni, basi nikasema ngoja nipige simu nieleweshe watu. Wanangu wa mazoezi walikuwa pembeni, likizo hii wanakuja asubuhi, redio tumeifungulia mpaka mwisho, wamekaa chini wamenyamaza kimya mwalimu wao yuko hewani. Nikasalimia vizuri kabisa, nikasema kaka yangu, Chiles hakuhonga mtu, suala lile lilikuwa la muda wa rufaa. Hapo hapo akanikatiza: "Dada, na huo wa kurukaruka na vichupi nao ni mchezo?"

Studio nzima ikacheka. Yule mwenzake wa kike naye akacheka. Simu ikakatwa, wakapiga muziki.

Na vichupi! Watoto wa miaka minane, tisa, wanasikia! Kuna mmoja bibi yake alimshonea suti ya mazoezi kwa kitambaa cha kuvutika, ya bluu, kamuwekea na shanga kifuani, mtoto anaipenda hataki kuivua hata ya kufuliwa. Alivyosikia vile akavuta kanga yangu iliyokuwa kwenye kiti akajifunga kiunoni. Mazoezi yote ya leo kafanya na kanga. Unapigaje samasoti na kanga?? Sasa mnaelewa kwa nini sitatulia?

Na alichonikatiza nisiseme ni kitu cha dakika mbili tu. Tarehe 5 Agosti 2024, ukumbi wa Bercy, fainali ya sakafuni wanawake. Rebeca Andrade wa Brazil kapata 14.166, Simone Biles 14.133, hapo hamna ubishi. Ya tatu ndo yenye moto. Ana Barbosu wa Romania ana 13.700, Chiles karuka wa mwisho kabisa kapewa 13.666, wa tano. Barbosu kashika bendera anashangilia. Kocha wa Chiles, Cecile Landi, akaenda kuwaambia majaji kuna ruko moja hamkulihesabia ugumu wake wote, wakaangalia tena, wakakubali, ikaongezwa nukta moja, ikawa 13.766. Yule binti wa Romania bendera ikamdondoka mkononi, akaondoka analia na dunia nzima inamtazama. Hapo hakuna aliyehonga wala aliyeiba!

Alafu Romania wakaenda mahakama ya michezo, CAS. Sheria inasema mchezaji akiwa wa mwisho, kocha ana dakika moja tu ya kulalamika. CAS tarehe 10 wakasema kocha alichelewa sekunde nne. NNE! Na wenyewe FIG, shirikisho la jimnastiki la dunia, hawakuwa na utaratibu wowote pale ukumbini wa kumwambia kocha umechelewa rudi ukakae, walipokea malalamiko, wakayafanyia kazi, wakabadilisha alama, wakamvisha mtoto wa watu medali, kisha wanamwambia irudishe. Wamarekani wakaleta video inaonyesha kocha aliongea sekunde ya 47, wakaambiwa kesi imeshafungwa. Barbosu akakabidhiwa medali yake Bucharest tarehe 16. Mabinti wawili wameumizwa na wazee wa ofisini walioshindwa kuangalia saa, hilo ndo nilitaka kusema, hilo tu, na ningelisema kwa adabu zote.

Yeye kaona vichupi.

Na hajui kama hilo nalo lina historia. Tokyo 2021 mabinti wa Ujerumani walivaa suti za mpaka kwenye kifundo cha mguu, makusudi, kwa sababu wamechoka kutazamwa na watu wa aina yake. Hajui kuhusu yule daktari wa timu ya Marekani, Larry Nassar, aliyenajisi watoto kwa miaka kwa kisingizio cha matibabu, mpaka Januari 2018 wanawake zaidi ya 150 wakasimama mahakamani mmoja mmoja kusema alichowafanyia, akala miaka 40 mpaka 175. Wale walisema tangu wadogo, hawakusikilizwa, kwa sababu watu wazima waliokuwa pale walikuwa na macho kama ya huyu bwana! Mtoto wa miaka minane anaruka juu anajigeuza anatua kwa miguu miwili bila kuyumba, wewe mtu mzima mwenye ndevu ulichoona ni kichupi?

Nikimwambia mzazi amlete binti yake mazoezini maswali ni hayo hayo, mwalimu watavaa nini, mwalimu baba yake atasemaje. Nimehangaika kuwaelewesha nyumba kwa nyumba. Leo mtu kaniharibia kwa sentensi moja alafu kaweka muziki.

Namtaka aombe radhi, saa ile ile, kipindi kile kile, kwa watoto sio kwangu.

Kipara wa Buza:
Nimesoma yote. Ila dada hilo jina lako la humu ndani, tuwekee kwanza video unapiga hiyo samasoti, ndo tuendelee na mjadala.

Mama Samasoti:
Kipara kajifunze kusoma, nimesema NAFUNDISHA WATOTO. Umeona habari yote ya mtoto kujifunga kanga wewe umebaki na samasoti yangu. Nyie na yeye ni ukoo mmoja.

Binti Chumbageni:
Nilikuwa nasikiliza kwenye daladala. Konda alicheka, mama mmoja wa kiti cha mbele akamgeukia akamuuliza wewe huna dada? Kimya mpaka stendi. Mama pole sana, mpe pole na huyo mtoto.

Mchunguzi Huru:
Pole kwa kutukanwa, ila kwenye medali umetetea upande mmoja. Mbona hujamtaja Sabrina Voinea? Naye alikuwa na 13.700, sawa sawa na Barbosu, akawa chini kwa alama za utekelezaji tu. Alikatwa nukta moja eti katoka nje ya mstari, marudio ya video yanaonyesha kisigino kiko ndani. Angeachiwa alama yake ana 13.800 na shaba ni yake, hao wengine wote wawili wangekaa. Ila mama yake ndo kocha wake, na pale ukumbini akalalamikia ugumu badala ya mstari, na CAS wakalitupa ombi lake. Romania walishaomba wote watatu wapewe shaba, ikakataliwa. Kwa hiyo walioumizwa ni watatu sio wawili.

Mama Samasoti:
Mchunguzi hilo la Voinea ni kweli tupu na ningefika huko kama nisingekatiwa simu!!! Nilipewa sekunde ngapi mimi? Hata Chiles alipewa dakika!

Mkale wa Eldoret:
Nyinyi mnalia na sekunde nne, tarehe hiyo hiyo tano Agosti, usiku, Stade de France, Faith Kipyegon amemaliza wa pili mita 5000 nyuma ya Beatrice Chebet, anasikia ametolewa kwa sababu ya kusukumana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Yani yeye ndiye alikuwa anabanwa! Nilikaribia kurusha televisheni nje. Kenya ikakata rufaa, akarudishiwa fedha yake usiku huo huo. Rufaa ndani ya saa chache na imekwisha. Hawa wa jimnastiki wanapeana medali kwanza alafu wanaanza kupiga hesabu, kazi gani hiyo?

Mzee Dodoki:
Rufaa ya Kenya ilisikilizwa kwa sababu ni Kenya, kwenye riadha wanaogopwa. Ingekuwa ni Burundi msingesikia kitu. Mmemsahau Niyonsaba? Rio 2016 mita 800, Caster Semenya wa Afrika Kusini dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Margaret Wambui wa Kenya shaba. 2019 wakubwa wa riadha wakaleta sheria ya homoni, ya kuwabana wanawake waliozaliwa na homoni nyingi za kiume, wote watatu wakafungiwa njia pale pale, ukitaka kukimbia 800 umeze dawa za kujipunguza. Jukwaa zima! Niyonsaba akahamia mbio ndefu, 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000, wamenyamaza. Mama Samasoti huyo mchambuzi wako ni mdogo, kuna wanaokaa kwenye meza kubwa kabisa wanajadili miili ya dada zetu.

Binti Chumbageni:
Mzee Dodoki umenikumbusha Wambui hasira imenipanda upya.

Kipara wa Buza:
Mimi nasimamia pale pale, mchezo ambao mshindi anaamuliwa na watu waliokaa kwenye viti mimi siuamini. Mpira goli likiingia limeingia.

Mchunguzi Huru:
Kipara wewe ni shabiki wa ligi yetu au ya wapi? Goli likiingia limeingia? Wiki iliyopita hukuwepo?

Kipara wa Buza:
Ile ilikuwa ofsaidi ya wazi hata kipofu kaona, usianze.

Mnyama Damu:
Ofsaidi gani wewe, mshika kibendera alikuwa anaangalia jukwaani! Kila mwaka ni hivyo hivyo, sisi tunanyongwa mchana kweupe alafu mnakuja humu kulia na Warumi.

Mchunguzi Huru:
Romania sio Warumi.

Mama Samasoti:
Jamani uzi wangu sio wa ofsaidi. Mtoto kashinda na kanga kiunoni leo.

Babu Moskva:
Mkitaka kujua jimnastiki muulizeni Nadia Comaneci, bingwa wa zamani wa Romania, huyo huyo aliyewapigania hao mabinti wa Romania. Montreal 1976, ana miaka 14, kapata kumi kamili, ubao ukaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha kumi. Sisi hatukuwepo, Afrika tulisusia kwa ajili ya New Zealand kwenda kucheza ragbi kwa makaburu. Na mnajua nani alikosa? Filbert Bayi! Ameshavunja rekodi ya dunia ya 1500 Christchurch 1974, 3:32.2, kaongoza mwanzo mwisho, John Walker wa New Zealand nyuma yake. Montreal Bayi yuko nyumbani, dhahabu ya 1500 kachukua nani? Walker. Mtu wa nchi ile ile tuliyoisusia! Hiyo inaniuma mpaka kesho, hizo sekunde zenu nne nazionaje.

Mkale wa Eldoret:
Mzee shikamoo, lakini Kenya pia tulisusia, na Keino alishachukua 1500 Mexico 1968 mbele ya Jim Ryun. Bayi ni mzuri ila msimweke juu ya Kipchoge Keino.

Babu Moskva:
Marahaba kijana. Keino alikuwa na rekodi ya dunia ya 1500? Nijibu hilo kwanza.

Mkale wa Eldoret:
Na Bayi alikuwa na dhahabu ya Olimpiki? Hata moja?

Babu Moskva:
Moscow 1980 fedha, 3000 kuruka viunzi, na Nyambui fedha mita 5000. Na tangu siku hiyo Tanzania hatujagusa medali ya Olimpiki, hata shaba ya kugombania. Miaka zaidi ya arobaini! Hapo ndo pa kufungulia uzi, fedha za michezo zinaenda wapi, viwanja vya shule vimegeuzwa fremu za maduka, hao watoto watakimbilia wapi?

Mnyama Damu:
Babu hapo umeongea. Kwetu uwanja wa shule ya msingi sasa hivi ni sehemu ya kuoshea magari.

Mzee Dodoki:
Kwetu wamejenga vyoo vya kulipia, golini kabisa.

Kipara wa Buza:
Buza tulikuwa na viwanja vitatu, vyote vimekwenda. Nani alisaini? Huyo nae mnamjua.

Mnyama Damu:
Tunamjua. Yule yule. Fungua uzi wake tuje.