Tupeane uzoefu: vya asili mnavyopaka usoni, vilivyowafaa na vilivyowaunguza

Wapendwa, nianze mimi mwenye uzi. Mwaka jana nilishika fasheni ya kupaka ndimu na asali ili kuondoa madoa ya chunusi. Siku moja asubuhi nikapaka, nikasuuza haraka haraka, nikaenda zangu Kariakoo kwenye jua la saa sita. Jioni shavu linawaka kama limerukiwa na mafuta ya vitumbua. Baada ya siku chache likabaki baka jeusi lenye mchirizi, pale pale ndimu ilipotiririka. Daktari wa ngozi hata hakunipima sana, aliuliza tu, "Ndimu, siyo? Halafu ukatoka juani?" Kumbe maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaunguza. Baka lilikaa miezi saba.

Sasa ninavyo vitu vinne tu. Usiku sabuni laini isiyo na manukato, asubuhi maji matupu. Baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu, matone mawili ya mafuta ya ubuyu. Asali mbichi mara moja kwa wiki, robo saa, nasuuza. Mchana napaka losheni ya kukinga jua ya SPF 30. Najua si ya asili, msinirukie, ila sijaona jikoni kitu cha kuziba nafasi yake. Haya, leteni yenu.

MJUKUU WA MAKUNDUCHI: Pole sana dada. Mimi ni mtu wa liwa, ule mti wa kunukia. Bibi yangu ana kipande cha mti wa liwa na jiwe lake, anatia marashi ya waridi kidogo, anasugua taratibu mpaka utoke uji. Tunapaka, ukianza kukauka tunaosha; hatungoji upasuke usoni. Mjini nikaona huo ni usumbufu, nikanunua liwa ya unga kwenye kifuko. Siku mbili, uso mzima vipele! Nikampelekea bibi, akanusa mara moja: "Hili vumbi la mbao limetiwa manukato." Tena nilipotaka kujisugulia usoni singo, ule msuguo wa mwili wa bibi harusi, iliyobaki ya harusi ya dada yangu, akaninyang'anya bakuli. Kwake yeye singo mwisho wake shingoni.

DEREVA WA USIKU: Wakuu, mimi mwanaume, msinicheke. Tatizo langu vipele vya ndevu. Nilipaka spiriti miaka, ngozi ikawa ngumu kama soli. Aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba, ana alovera uani. Ila mwanzoni nilikata jani na kupaka hapo hapo, nikawashwa usiku kucha. Akanielekeza: lisimamishe jani ndani ya kikombe dakika kumi, yale maji ya njano yachuruzike kwanza, ndiyo yanayowasha. Kisha osha, menya, paka ule ute mweupe tu. Lakini niseme kweli, alovera inapoza, haizuii. Vilipungua nilipoacha kunyoa hadi kwenye shina, maana nywele zetu hujikunja zikarudi ndani ya ngozi. Sasa naacha kidogo, nanyoa kufuata zinakolalia.

MAMA WAWILI: Mie mafuta ya nazi ndiyo yaliyonijaza chunusi kipajini, na mwanangu wa kwanza anayapaka uso mzima, anang'aa kama sufuria mpya. Ngozi yake kavu, yangu ya mafuta. Kwangu yanaishia miguuni.

NIMEJIFUNZA: Ya kwangu inaniuma. Nilinunua "krimu ya asili ya manjano na mchele", kopo halina lebo. Wiki ya pili nimekuwa mweupe, watu wananisifia. Mwezi wa tatu jua dogo tu linachoma, mishipa inaonekana. Nilipoacha, uso ukarudi mweusi kuliko mwanzo, tena kwa mabaka. Hospitali wakaniambia hizo dalili ni za mkorogo, kwa kawaida huwa na kemikali kama haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Dada zangu, manjano ya kweli yatakuachia rangi ya njano kwenye foronya, hayatakubadilisha kuwa mzungu ndani ya siku 14.

WA MUSCAT: Huku kiyoyozi kinanyonya uso siku nzima. Mfanyakazi mwenzangu Mganda aliniletea siagi ya shea ya kwao kaskazini. Ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, inayeyuka kidoleni. Punje ya ukubwa wa harage inatosha.

MGENI: Samahani, binti yangu ana miaka 14, chunusi zimemjaa, anapaka dawa ya meno na magadi. Nimpe nini?

MWENYE UZI: Dada, muondolee vyote hivyo leo. Magadi ni makali mno kwa uso. Anawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, asitumbue, foronya ifuliwe kila wiki. Ukitaka kumwongezea kitu, ongeza kimoja tu, kijaribiwe kwanza nyuma ya sikio siku mbili, halafu mngoje wiki nne. Zikiwa kubwa zenye usaha na maumivu, mpeleke kliniki ya ngozi kabla hazijaacha makovu.
Mjukuu wa Makunduchi, bibi anauza hiyo liwa?

MJUKUU WA MAKUNDUCHI: Hauzi. Anasema njoo na jiwe lako.